Kisichosogeza Mshale

Siku ya tatu ya msimu, uzi wa gunia
ulinichana mdomo. Nilikuwa nikiukata kwa meno.
Kama mbuzi, akasema Mize binti Khatib, karani wa mizani,
bila kuinua uso kwenye daftari lake.

Jioni nikashuka mjini Wete, dukani kwa Shaame Kai,
penye misumari, rangi za milango,
na kasha la kioo lisilofunguliwa
mpaka useme unataka nini.
Kisu cha kukunja, nikasema. Kidogo.
Kidogo vipi?
Nikamnyooshea kidole cha shahada: kisipite hapa.

Cha kwanza kilikuwa na mpini wa mti mwekundu,
kizito kama deni.
Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama, akaniambia.
Nyama naila Idi mbili, bwana. Siku nyingine
nakata uzi, na mkia wa pweza,
na mche wa sabuni tunaogawana na jirani.
Nikakitia mfukoni mwa kanzu; kanzu ikalala upande.
Ijumaa, nikienda sijida,
kingegonga sakafu kabla ya kipaji changu.

Cha pili kilikuwa na kila kitu:
bisibisi, msumeno wa kukatia panzi,
mkasi usiokata hata umbea,
kijiti cha kuchokolea meno.
Humo mna ukoo mzima, akasema Shaame.
Naam, na kila mmoja atakuja na kutu yake.
Hewa ya chumvi haina muhali:
imekula bawaba zangu, imekula baiskeli,
itashindwa na shemeji hawa waliobanana?

Hapo akaingia mtoto wa Bikombo:
kamba, pima mbili, mama atalipa kesho.
Shaame akapima kwa mikono,
mkono mmoja ukabaki na kamba, wa pili
ukazama mfuko wa shati, ukatoka na kitu cheusi.
Dole gumba likasukuma. *Tk.*
Kamba ikaachana. Akakifunga pajani
huku anamuuliza mtoto kama homa imemtoka babake.

Hicho, nikasema.

Hiki si cha kuuza.

Nitaongeza.

Akacheka mpaka akakohoa.
Miaka kumi na moja hiki, akasema,
na kilitoka kasha hilihili unalolidharau.
Akachutama, akapekua chini ya makopo ya rangi,
akaja na kijiboksi kilicholiwa na mende pembeni.
Ndani, ndugu yake: mweusi, mpole,
bapa moja tu, chuma cha pua,
na bei ambayo niliona haya kuipunguza.

Kilikuwa kigumu. Nikasukuma, kikakataa,
nikasukuma tena, kikatoka nusu,
kama mtu anayechungulia mgeni dirishani.
Shaame akanipa chungwa: limenye, ganda lisikatike.
Lilikatika mara tatu.
Kisu hakina kosa, akasema, akila chungwa langu.
Kitie tone la mafuta ya cherehani. Kifungue, kifunge,
hata ukiwa huna la kukata.
Na ukipanda meli kwenda Unguja, kiache kwa mkeo;
bandarini wana ndoo imejaa visu vya watu wenye haraka.

Usiku kucha *tk*, *tk*,
mpaka mke wangu akauliza kama nimeleta mjusi ndani.

Asubuhi, gunia la kwanza:
kushoto nimeshika mdomo wake, kulia dole gumba,
na uzi ukaachia bila ugomvi.
Mize akaacha kuandika.
Hebu nikione.

Kwetu hatupokezani kisu mkono kwa mkono.
Bibi yangu alikiweka chini kwanza,
ugomvi ukishika, uishike ardhi.
Nikatazama chini: vumbi, makonyo, miguu ya watu.
Nikakiweka juu ya mizani.

Mshale haukutikisika.
Mize akautazama, akanitazama,
akakichukua, akachonga penseli yake,
akakirudisha palepale, juu ya mizani.
Lete la pili, akasema.