Nyuzi Thelathini na Tatu na Nusu

Hakulia.
Zahanati ya Uru, masika, saa nane na robo usiku,
mkunga alimkausha, akamsugua mgongo,
akamziba pua na mdomo kwa kibarakoa
akaubinya mfuko, akaubinya, akaubinya,
hadi dakika ya kumi na moja kifua kikajiinua chenyewe
kama mtu aliyeitwa kutoka chumba cha mbali.

Alitufikia Moshi mjini alfajiri, gari lote tope,
saa mbili tu zimebaki kati ya zile sita.
Nikamvua kila kitu.
Nikamlaza juu ya godoro linalopitisha maji baridi.
Kwenye kadi nikaandika: Mtoto wa Haikaeli, wa kike.
Jina hawakutaka kulitaja bado.

Bibi Aikande akaja na shali ya sufu, nusu imefumwa,
sindano mbili zimechomekwa humo humo.
"Mfunikeni mtoto."
Kwao mzazi huwekewa moto miezi mitatu,
hunyweshwa mtori, na mlango husukumwa kwa goti
upepo usije ukatangulia kuingia.
Nikasema hapana.
Alinitazama kama mwizi aliyekutwa ndani
na sare nyeupe.

Nilimweleza kwa maneno niliyokuwa nayo:
ubongo umekosa hewa, umeungua kidogo;
hewa imerudi, moto wa kwanza umezimika,
ila kuna wa pili, huja baadaye, polepole,
hauna moshi. Baridi ndiyo inayouchelewesha.

Akakaa kimya, kisha akasema:
"Kibanda changu cha kahawa kiliungua mara mbili.
Mara ya pili watu walishatawanyika, walishanipa pole.
Makaa yalikuwa chini ya majivu."
Chuoni walitumia saa mbili na michoro
kutufundisha hilo hilo.

"Sasa baridi kiasi gani?"
"Nyuzi thelathini na tatu na nusu."
"Na nusu? Uzi nusu unafumwaje, mwanangu?"

Siku tatu.
Usiku wa kwanza mguu wa kulia ukaanza kukanyaga
baiskeli ambayo haipo;
nikampa dawa ya degedege, nikahesabu matone.
Usiku wa pili umeme ukakatika
na kabla jenereta haijakohoa
nilisikia wodi nzima ikipumua gizani,
yeye peke yake sikumsikia,
nikamwekea kiganja kifuani: yupo.
Haikaeli aliletwa kwa kiti cha magurudumu,
akaruhusiwa kugusa kisigino, kwa kidole kimoja.
"Wa baridi hivi," akasema,
"nilimzaa wa moto."
Nje ya kioo, bibi alifumua mistari minne
aliyosema aliifuma kwa hasira.

Kumrudishia joto nako hakuna pupa:
nusu uzi kila saa, saa sita.
Nilipotoka kumwambia, akaokota sindano.
Kila saa niligonga kioo, kila saa
akafuma nusu mstari, akasimama, akangoja.
Saa ya sita shali ilikuwa imeongezeka mistari mitatu
na mtoto alikuwa na joto la mtoto.
Akakunja uso.
Sauti iliyotoka ilikuwa nyembamba, imekwaruza, mbaya sana,
daktari akageuka kuutazama ukuta.

Sitaki kudanganya.
Leo ana miezi tisa, anaitwa Ndeshukurwa,
mkono wa kushoto bado ni mzito.
Kila Jumatano hushuka kutoka Uru,
bibi anambeba ndani ya ile shali,
mtaalamu wa mazoezi anamfungua vidole,
kimoja, kimoja, navyo hujifunga tena.
Jumatano iliyopita uzi ulichomoza pembeni ya shali.
Mkono wa kulia ukaudaka mara moja.
Wa kushoto ukatetemeka, ukaenda kando, ukarudi,
tukauangalia sote watatu,
mama, bibi, na mimi niliyekuwa nimeshamaliza zamu,
na hakuna aliyemsogezea ule uzi.