Maharage Mezani

Kocha Thirkell alipanga chumba changu cha uani
mwaka ule mto wetu, hapa Pell Creek, Iowa,
uliganda kabla ya Novemba.
Sanduku moja, koti moja, kikohozi.
Kodi alilipa nusu. Nusu nyingine, akasema, nitakulipa ushindi.
Ushindi hauliwi, nikamwambia.
Akacheka, akaomba maharage.

Si ya kula. Aliyamwaga mezani:
mekundu kumi na moja, vijana wake wa chuo;
meupe kumi na moja, wana wa matajiri wa chuma,
wazito kama magogo ya mkokoteni.
"Bi Ottilie, kila mtu anasukuma katikati.
Katikati pana kaburi."
Nilijua. Msimu uliotangulia tulimzika mtoto wa mwashi,
shingo imevunjika chini ya rundo la wenzake.

Akachukua harage moja jekundu,
akalizungusha pembeni, mbali na msongamano,
akalirusha.
Likaangukia kwenye sukari.
"Hapo," akasema. "Hapo hakuna mtu."

Walijifunza kuurusha ule mpira wa umbo la yai
nyuma ya ghala la mahindi, kwa kandili mbili,
mpaka ukawa unazunguka hewani kama pia.
Mimi nilishona namba migongoni,
nikikata shuka za marehemu mume wangu.
Wageni wakapiga kelele: Wafungwa! Ng'ombe wa mnada!
Kipindi cha pili bado wanautafuta mpira
mikononi mwa asiye nao.

Miaka mitatu tulikula kuku kila Jumapili.
Wa nne mvua ilinyesha, ngozi ikateleza,
na mrushaji wake, Enoch Vantreese,
akarudi nyumbani kulima shamba la baba aliyekufa.
Wadhamini walimwandikia kocha barua ya mistari miwili.
Nilimkuta akifunga sanduku lilelile.
Kwenye bahasha aliniachia kodi yote, na senti saba juu.
Za maharage, alisema.

Siku hizi vyuo vikubwa vyote hurusha.
Magazeti yanasema alibuni bwana mmoja wa Mashariki,
mwenye masharubu na picha.
Sibishani. Mwenye kisu ndiye alaye nyama;
mimi nilikuwa na meza tu.

Jana nilisogeza kabati nifagie.
Harage jekundu, limekunjamana, gumu kama jino.
Sikulitupa. Nimeliweka mezani, pembeni,
upande ambao hakai mtu.