Matamvua

Kibirizi, alfajiri, Bi Ntahondi alinifundisha
kufunua shavu la kuhe kwa kidole gumba.
Ndani mekundu, nunua. Ya kijivu, mwachie mwenyewe.
"Hayo ndiyo matamvua," akasema,
kisu chake hakikusimama.

Nikacheka. Kwetu matamvua yalikuwa ya shali,
nyuzi za pembeni alizozisokota mama
mbili mbili, akizilowesha mate.
Nani aliazima kwa mwenzake, mfumaji au mvuvi?
Kamusi ya shule iliyachapa yote,
moja, mbili,
bila kusema lipi lilimzaa nduguye.
Mwalimu Ruhomvya akaniambia: nenda kaliulize ziwa.

Sikwenda.
Machi, wodi ya Maweni,
mama amefunikwa shali ile hadi kidevuni,
mtungi wa hewa umehamia kitanda kingine.
Nikashindwa kumtazama usoni, nikatazama upindo:
nyuzi zikipanda, zikishuka,
zikipanda,
kama kuhe sakafuni mwa mtumbwi
anayetafuta maji ndani ya upepo.

Shali ninayo. Sijaifua.
Sokoni bado nafunua shavu.
Kidole kikitoka chekundu
nashusha pumzi,
ndipo naulizia bei.