Nukta ya Buluu

Chuo cha Vita, La Paz, mwaka wa pili wa amani

Meja Iturralde kaandika juu ubaoni MKAKATI, chini MBINU,
kati yake mshale mmoja, umenyooka kama amri.
"Kichwa huwaza," asema, "mkono hutii."

Kapteni Quiroga hakusimama. Alikohoa kwanza,
vumbi la Chaco ambalo baridi ya huku haijalitoa kifuani.
"Mshale wako, Meja, unashuka tu.
Kikosi changu kiliteka handaki msilolitaka;
kesho yake mkaliita lengo la vita."

Darasa likacheka. Meja naye, kwa meno tu.
Wakabishana hadi chai ya koka ikapoa:
ushindi kumi mdogo, je, huzaa mkubwa mmoja?
Aliyeshinda kila pambano akapoteza nchi, alikosea wapi?
Mmoja akataka neno la tatu, liwekwe katikati.
Mwingine akasema neno halibebi risasi.

Mimi Ticona, mchora ramani, nilikuwa nyuma
nachonga penseli. Sikuulizwa.

Lakini mshale ule naujua.
Nilipewa karatasi tupu, mto mmoja pembeni,
na agizo: siku nne kwa miguu, kuelekea mashariki.
Nikauliza, njiani pana kisima?
Wakajibu, pasipo kisima hapana mpango.
Basi nikatia nukta ya buluu.
Wino ulikuwa mkavu; niliulainisha kwa mate.

Watu mia tatu wa milimani, wachunga llama,
wasiojua joto lisilolala usiku,
wakaifuata. Mbinu zao hazikuwa na dosari:
waliachana hatua tano tano, walilinda ubavu,
wakachimba palepale nilipoonyesha.
Mchanga. Kisha mchanga.
Kisha mizizi ya mti usiojulikana kwetu, wakaitafuna.

Sajini Apaza ndiye aliyeirudisha ramani.
Nilitazamia damu; haikuwamo.
Palikuwa na doa la buluu lililotambaa,
na pembeni yake alama ya ulimi:
mtu alikuwa ameilamba nukta.

"Ticona," Meja akaniita, "una mkono mzuri.
Chora upya mshale huu, wanafunzi wameufuta kwa mabega."
Nikauchora. Katikati nikaacha pengo, upana wa kidole.

"Hapa umesahau," akasema,
akachukua chaki, akaliziba mwenyewe.