Kutoka Mkoani hadi Konde

Unaniuliza, Tunu, kwa nini nimechelewa kazini siku mbili
na ndege zipo, asubuhi na jioni,
dakika ishirini na tano, hata peremende haijayeyuka mdomoni.

Kweli. Ndege naijua.
Nimeipanda kwa misiba mitatu na harusi moja.
Kwanza unapimwa, wewe na pochi lako,
kwenye mizani ile ile ya masanduku,
kijana anazitaja kilo zako mbele za watu.
Kisha unakaa nyuma ya shingo ya rubani,
injini inasema peke yake, hakuna anayejibiwa,
na Pemba inakuja chini ya bawa, kijani tupu,
mkarafuu, mnazi, mfenesi, vyote vimepondwa pamoja
kama kisamvu sahanini.
Huoni mti upi ni wa nani.
Unateremka Chake na moyo bado uko Kisauni,
unatafuta kitambulisho.

Safari hii nilishukia Mkoani, kwa meli.
Shaame alikuwa bandarini na kirikuu chake:
kioo cha upande wangu hakipandi,
mlango unafungwa kwa kamba.
Akasema, "Umefika." Nikasema, "Nimefika."
Hayo ndiyo tuliyoambiana mpaka Mtambile.

Ya shamba unayajua.
Baba aliacha mikarafuu thelathini na saba.
Ukimpa yeye mafungu mawili na mimi moja,
unabaki mti mmoja.
Mti mmoja, Tunu,
ulitunyima salamu miaka minne.

Ngwachani akauliza, macho yako barabarani:
"Bado unatapika kwenye gari?"
"Nilikuwa natapika kwa sababu yako,
unakula mabungo pembeni yangu, unatema kokwa."
Hakujibu. Lakini Chake alisimama,
akarudi na mfuko wa mabungo,
akauweka katikati yetu, juu ya gia.

Tukashika barabara ya zamani.
Ile mpya imenyooka, angefika mapema;
sikumuuliza, naye hakunieleza.
Kona inakukabidhi kwa kona nyingine,
kilima kinakuinua, bonde linakupokea,
na ukingoni majamvi ya karafuu yameanikwa
hadi juu ya lami, gari linayapisha,
tairi moja nyasini,
na harufu inaingia kwa dirisha bovu
bila kubisha hodi.

Kisha mvua. Mvua ya Pemba haitumi salamu mbele.
Mama mmoja alikuwa peke yake na majamvi sita.
Shaame alikwisha ruka kabla gari halijatulia,
nami nyuma yake, viatu mkononi,
tukaanua, tukakunja, tukakimbiza barazani,
na yule mama anatukemea kama wanawe:
"Shikeni ncha! Ncha, nyie!"
Tukashika ncha, yeye huku, mimi huku,
jamvi moja baina yetu.
Niliporudi garini kiti changu kilikuwa bwawa.
Alicheka. Ni kicheko cha baba, nilikuwa nimekisahau,
kinaanza puani.

Wete tulikunywa kahawa, nguo zinatukaukia mwilini.
Akanihadithia mguu wa mkewe, ada ya Mjaka,
mbuzi aliyekula hati ya nikahi.
Mimi nikamwambia ambayo hata wewe sijakwambia.

Konde hatukwenda nyumbani moja kwa moja.
Alizima gari kando ya shamba, akatangulia.
Mti wenyewe uko palepale, karibu na kisima.
Hakuuchuma yeye, sikuuchuma mimi.
Misimu minne karafuu zimepea zikawa nyekundu,
zimeanguka,
na chini yake imeota miche, laini, inang'aa kwa mvua.

Nilihesabu ishirini na sita.
Shaame akasema ishirini na saba,
nimeruka mmoja, pale nyuma ya jiwe.
Nikamwambia lile ni gugu.
Tukachutama, tukaanza upya.

Jua lilikuchwa hatujakubaliana.
Hapo ndipo siku yangu ya kwanza ilipokwenda.
Ya pili nitakueleza ukija na chai.