Pini ya Bawaba

Nina silinda moja ya mtambo wa mvuke,
kubwa kama kikombe cha chai,
imekaa kwenye kerezo tangu Macsen hajaota meno.
Sasa Macsen kang'oka mawili.

Upande mmoja inang'aa, najiona pua.
Upande wa pili bado ina ukurutu wa kalibu.
Nikiwasha mota tu,
mlango wa nyuma unafunguka:
"Idwal! Maji yanapita kwenye taa!"

Basi nazima.

Nyumba hii ya Merthyr tuliinunua kwa bei ya huruma,
ghorofa mbili za mawe,
na mvua ndani ya bei.
"Miezi sita," alisema Nerys,
brashi mkononi, Macsen huyo huyo tumboni.

Watoto wanne, mama mkwe mmoja,
mbwa asiye na adabu
na bafu lisilo na mlango.
Wiki ya saba tunaoga kwa mluzi:
ukiusikia, usipite.
Bi Olwen hawezi mluzi, meno yake ni ya bandia.
Yeye hukohoa.
Hukohoa tangu anaingia hadi anatoka,
nasi tumesimama ukumbini
tukiukazia macho ukuta tusioupaka rangi.

Wahenga walimcheka fisi wa njia panda.
Mimi simcheki. Fisi alikuwa na njia mbili tu.
Mimi nina plasta inayokauka juu,
bomba linalolia chini,
hesabu za Gethin, boliti yenye uzi nusu,
na tupa mkononi
niliyosahau nilitaka kusugulia nini.

Mlango wenyewe upo.
Wa msonobari, mzito, umeegemea ngazi tangu Machi.
Niliukwangua rangi tabaka tano:
nyeupe, kijani, kahawia, nyeupe tena,
na chini kabisa samawati
ambayo mtu fulani aliipenda.
Zilizokufa ni bawaba.
Kijana wa dukani alizitazama
kama kaonyeshwa jino la nyangumi.
"Hazitengenezwi tena."

Hazitengenezwi tena!
Ananiambia mimi, mwenye kerezo.

Ila chuma cha unene ule nilikuwa nacho kimoja,
cha mhimili wa mtambo wangu,
nimekiviringisha kitambaa chenye mafuta
kama mtu anayeficha mkate.
Nikafungua kitambaa. Nikafunga. Nikafungua.
Juu, kikohozi kikaanza.

Nikaitoa silinda kwenye taya za kerezo.
Fundi yeyote atakwambia:
ukishaitoa, hairudi pale pale.
Unywele mmoja utakosekana.

Nikakereza pini.
Chuma kikatoa utepe wa samawati, wa moto,
ukijikunja kama ganda la chungwa
mkononi mwa mtu asiye na haraka.
Gethin alikuwa amesimama mlangoni.
Hakuja kuniita popote.
"Naweza kushika?"
Subiri upoe, nikasema,
na yeye, asiyesubiri hata uji,
akasubiri.

Jioni tukaupandisha mlango,
Nerys huku, mimi kule,
tukigombana kwa kunong'ona nani kauinua mno.
Pini zikazama: tk. Tk.
Bi Olwen akaingia na taulo lake, akafunga.

Hakukohoa.

Dakika kumi. Ishirini.
Mbwa akalala kizingitini.
Arobaini.
"Mama, u salama?"
"Nimekaa tu," akajibu. "Niacheni nikae."

Nikashuka bandani.
Silinda ilikuwa juu ya gazeti, baridi.
Nikaibana tena katika taya, nikaizungusha kwa mkono,
mshale wa kipimo ukacheza:
unywele na nusu.
Nikachukua nyundo ya shaba,
nikagonga, nikatazama, nikagonga,
unywele,
nusu unywele,
na mlango wa nyuma ukafunguka.