Usiifue

Sanduku la mahari yangu, la mvule na misumari ya shaba,
halina leso hata moja. Mna wanaume.
Mbrazili mwenye ukosi wa kijani,
Mholanzi wa chungwa, amepauka kwapani,
na Mtaliano wa buluu, ambaye Famau alimtoa
kwa mgeni wa hoteli, akamlipa baiskeli
tuliyokuwa tukipelekea watoto chuoni.

"Usiifue," akaniambia. "Doa hilo ni nyasi za nusu fainali."
Basi nikakaa na jasho la watu
nisiowajua kwa sura wala kwa salamu,
nikilitilia karafuu, nondo wasije.

Jana kaja mnunuzi kutoka Nairobi,
glavu nyeupe, kioo cha kukuzia,
anapekua mishono kama atafutaye chawa.
Hii ya kweli. Hii ya kweli.
Hii imeshonwa Kongowea.
Famau akameza mate.

Mkono wa mgeni ukafika chini kabisa:
fulana ya manjano, kola imeng'oka,
namba saba imepakwa kwa rangi ya mlango,
Chui wa Maweni.
"Na hii? Aliivaa nani?"

Famau alidhani niliifanya tambara
mwaka ule goti lake lilipovunjika.
Akaishika. Akainusa.
Jasho lake mwenyewe, la miaka ishirini na mitatu.

"Nyota," nikamjibu mgeni.
"Wala sikuifua."
Nikashusha kifuniko,
nusura vidole vyake vibaki ndani.